ASKOFU FRANK WESTON WA UNGUJA (1871–1924)

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Ama baada ya hayo, huenda msomaji akastaajabu kuona tumeleta habari za askofu wa Kinasara, ilhali desturi yetu ni kueleza maisha ya masheikh wetu. Sababu ni kuwa katika darsa zetu hapa Makadara vijana hutuuliza mara kwa mara Wakristo wanasema nini hasa juu ya Nabii Isa (A.S.), na wengi wao hudhani kwamba jambo hilo kwa Wakristo wenyewe halina mjadala. Maisha ya mtu huyu yaonyesha kinyume chake.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akasoma elimu ya dini yao Oxford na kufaulu daraja ya kwanza. Mwaka 1898 alikuja Unguja na misheni ya UMCA, ambayo kanisa lake kuu limesimama Mkunazini, pale palipokuwa soko la watumwa. Alisomesha Kiungani, akajifunza Kiswahili hata akakimudu barabara, na mwaka 1908 akafanywa Askofu wa Zanzibar.

Mwaka 1907 alikuwa ametoa kitabu, The One Christ. Mkutano wa Chalcedon wa mwaka 451 ulikata shauri kwamba Yesu ni mmoja mwenye asili mbili, ya uungu na ya ubinadamu. Basi vipi mmoja huyo awe mjuzi wa yote, na papo hapo awe mtoto anayekua na kujifunza? Baadhi ya wanavyuoni wa Kiingereza walijibu kuwa alipokuja duniani aliziacha baadhi ya sifa za uungu. Weston hakuridhika. Yeye alisema kuwa hakuacha kitu, ila alijiwekea mpaka, akijitambua kwa kadiri ambayo roho ya kibinadamu yaweza kuchukua. Sisi twaona jawabu hilo lakaza fundo badala ya kulifungua, kwani mpaka ni sifa ya kiumbe. Na itikadi yetu ni kwamba Isa ni mja na mtume. Lakini ni haki tukiri kuwa mtu huyu aliuona uzito wa swali, wala hakulikwepa.

Mwaka 1912 wanavyuoni saba wa Oxford, wakiongozwa na B. H. Streeter, walitoa kitabu Foundations, kueleza imani yao kwa fikra za zama mpya. Weston aliona kuwa humo msingi wa dini yake unalegezwa. Kisha Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, si mbali na Nairobi yetu, kutafuta umoja, na Askofu Peel wa Mombasa akawashirikisha katika ibada yao kuu hata wasio wa Kanisa la Kiingereza. Weston aliwashitaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa uzushi na mfarakano. Aliandika kuwa kanisa lenye mgawanyiko kama huo halistahili kupeleka wahubiri katika nchi za Waislamu. Mwaka 1915, Streeter alipopewa cheo Hereford, Weston alitangaza kukata ushirika na askofu wa huko.

Katika vita vya 1914–1918 aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja. Wapagazi wa vita vile ndio walioacha jina la Kariokor, mtaa jirani yetu. Mwaka 1920 alitoa kijitabu, The Serfs of Great Britain, kupinga shokoa iliyowasukuma Waafrika wa Kenya katika mashamba ya walowezi. Alikufa tarehe 2 Novemba 1924 huko Hegongo, karibu na Magila, akazikwa huko.

Enyi vijana, yapo mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, msiingie majadilianoni mkidhani Wakristo wote wasema neno moja. Jueni kwanza mtu ashika kauli ipi, ndipo mjibu, wala msimzulie asilosema. Pili, mtu huyu aliyekhitilafiana nasi katika jambo kubwa kuliko yote aliisema dhuluma ya serikali ya watu wake mwenyewe. Na sisi, tulioamrishwa uadilifu, mara ngapi tumeiona dhuluma mitaani mwetu tukanyamaza?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu na uadilifu. Amin.