John Gulick na Konokono wa Mitini

Mwezi huu tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za John Thomas Gulick, mmisionari aliyehubiri China na Japani miaka mingi, ambaye hata hivyo anakumbukwa zaidi kwa ajili ya konokono. Alizaliwa tarehe 13 Machi 1832 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Wazazi wake walikuwa wamisionari kutoka Marekani.

Katika misitu ya kisiwa jirani cha Oahu waliishi konokono wadogo wa mitini, urefu kama ncha ya kidole, wenye rangi za kupendeza: kijani, manjano, hudhurungi, wengine wana mistari. Hawali majani. Hulamba ukungu ulioota juu ya jani, na mti haudhuriki. Huzaa mtoto mmoja mmoja, naye hukawia miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Ukiwamaliza katika mti, hawarudi upesi.

Gulick aliwakusanya tangu ujana wake, mwanzoni mwa miaka ya 1850, akiandika kila gamba limetoka bonde gani. Ndipo alipoona jambo la ajabu. Kila bonde lilikuwa na konokono wake. Mvua ni ile ile na miti ni ile ile, lakini ukivuka mgongo mmoja wa mlima unakuta wengine. Ni kana kwamba ng'ombe wa Dutwa wangekuwa wa namna moja na wa Nkololo wa namna nyingine kabisa. Akafikiri ya kwamba kutengana kwenyewe, wachache wakikaa peke yao vizazi vingi bila kuchanganyika na wenzao, kwaweza kuleta tofauti hizo.

Mwaka 1864 alikwenda China kuhubiri Injili, na tangu 1875 hadi 1899 alikuwa Japani. Hakuona vita kati ya kazi hizo mbili. Mwaka 1872 alifika Uingereza, akaonana na Charles Darwin, na maandishi yake yakasomwa mbele ya wataalamu wa London. Mmoja wa wataalamu wa huko, George Romanes, aliyekuwa amepoteza imani, alimwandikia baadaye kumwuliza anawezaje kuwa mwanasayansi na Mkristo pamoja. Gulick alimjibu kwa upole na kwa kirefu. Alitoa kitabu chake kikubwa mwaka 1905, akafariki Honolulu tarehe 14 Aprili 1923.

Lakini tusifiche jambo. Yeye na vijana wenzake walichukua konokono kwa maelfu, maana siku zile kukusanya magamba kulikuwa kama homa huko. Kwa kiumbe anayezaa polepole hivyo, hilo si dogo. Panya nao waliwala. Ng'ombe, walioletwa visiwani humo mwaka 1793, walikanyaga misitu ikakonda. Sisi wa Usukuma, tuliokata miti yetu wenyewe mpaka mpango wa HASHI ukaanza mwaka 1986 kutuhimiza turudishe ngitili, hatuwezi kuwacheka.

Mengine yalitokea yeye amekwisha kufa. Mwaka 1936 aliletwa Hawaii yule konokono mkubwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, mharibifu wa bustani. Ili kumwangamiza, mwaka 1955 wakubwa wa kilimo walileta konokono mwingine kutoka Florida, anayekula konokono wenzake. Huyo mgeni hakummaliza mkubwa; alipanda mitini akawala wadogo. Dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa.

Mwaka 1981 serikali ya Marekani iliweka jamii yote ya Achatinella, aina 41 za Oahu, chini ya ulinzi wa sheria. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutoweka. Tarehe 1 Januari 2019 alikufa kizuizini konokono wa mwisho aliyejulikana wa aina moja. Walinzi wake walikuwa wamempa jina George. Wengine waliosalia wanatunzwa maabarani, au milimani ndani ya nyua zilizojengwa ili panya na yule mla-wenzake wasiweze kupanda.

Magamba ya Gulick yangali katika majumba ya makumbusho, pamoja na majina ya mabonde yalikotoka. Katika baadhi ya mabonde hayo, ukipekua miti leo hukuti hata konokono mmoja.