Blaise Pascal: Mgonjwa Aliyetufundisha Kuinua Lori

Katika toleo hili nimeonelea niwaletee maisha ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa Fizikia amelikariri jina lake, ila wachache wanajua aliishi vipi. Si mwingine bali ni Blaise Pascal wa Ufaransa. Jeki inayoinua lori la nyanya kule Kimana, trekta inayonyanyua plau shambani, na matatu inayokanyaga breki ikiteremka kutoka Loitokitok, zote zinafanya kazi kwa kanuni yake.

Pascal alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 katika mji wa Clermont. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka mitatu tu. Akalelewa na baba yake, mzee Étienne, pamoja na ndugu zake wawili wa kike, Gilberte na Jacqueline. Mwaka wa 1631 familia ilihamia Paris. Mtoto huyu hakupelekwa shule. Baba ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Tena mzee alimkataza hisabati, akitaka kwanza ajue lugha. Lakini wapi! Gilberte amesimulia kwamba kijana alipofika miaka 12 alikuwa akichora pembetatu sakafuni kwa makaa, akajigundulia mwenyewe mambo ya pembe zake. Baba alipomfumania, badala ya kumchapa, alitokwa na machozi ya furaha. Akiwa na miaka 16, umri wa wengi wetu wa kidato cha tatu, aliandika makala ya jiometri yaliyowashangaza wataalamu.

Baadaye baba alipewa kazi ya kodi mjini Rouen, kazi ya kujumlisha mahesabu usiku na mchana. Pascal akamwonea huruma. Mwaka wa 1642 alianza kuunda mashine ya kuhesabu kwa magurudumu yenye meno. Alitengeneza mifano kama 50 kabla ya kuridhika. Hebu fikiria, ndugu msomaji: hamsini! Sisi jaribio likikataa mara mbili katika maabara, tunanakili majibu ya jirani.

Na haya yote aliyafanya akiumwa. Dada yake anasema kwamba tangu miaka 18 Pascal hakujua siku isiyo na maumivu. Kuna wakati hakuweza kumeza kitu ila kinywaji cha vuguvugu, tone kwa tone. Hata hivyo hakuketi kujihurumia.

Siku hizo wakubwa wa elimu walishikilia kwamba hakuwezi kuwa na nafasi tupu kabisa isiyo na kitu. Torricelli wa Italia alikuwa ameonyesha kwamba zebaki ndani ya neli ya kioo husimama kwa kimo fulani, na juu yake hubaki nafasi. Ni nini kinachoishikilia? Pascal aliamini ni uzito wa hewa inayotuzunguka. Kama ni hivyo, basi mlimani, ambako hewa ya juu yetu imepungua, zebaki lazima ishuke. Yeye mwenyewe mwili haukumruhusu kupanda, kwa hiyo akamwandikia shemeji yake, Florin Périer, mume wa Gilberte.

Tarehe 19 Septemba 1648 Périer alipanda mlima uitwao Puy de Dôme, wa mita 1,465. Sisi wa Loitokitok, tulio miguuni pa Kilimanjaro, tunakaa juu kuliko kilele hicho! Lakini tazama walivyopima. Neli moja iliachwa chini mjini, na mtawa mmoja akailinda kutwa nzima aone kama itabadilika. Ya pili ilipelekwa kileleni, ikapimwa mara tano mahali mbalimbali. Ya chini haikusogea. Ya juu ilishuka sentimita 8 na nusu hivi. Hoja ya Pascal ikapata ushahidi.

Kutoka kwa hewa, Pascal aligeukia maji. Katika kitabu alichokiandika kufikia mwaka wa 1654 hivi, alieleza kwamba ukikisukuma kiowevu kilichofungiwa ndani ya chombo, presha hiyo huenea sawa kila upande. Ukiwa na chombo chenye midomo miwili, mmoja ukiwa mkubwa mara 100 kuliko wa pili, mtu mmoja akisukuma pistoni ndogo atalingana na watu 100 kwenye ile kubwa. Ila hakuna cha bure: pistoni ndogo itaenda mbali mara 100 zaidi.

Jambo hili unaweza kulijaribu hapa shuleni. Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, dogo na kubwa, uyaunganishe kwa mrija uliojaa maji. Eneo la pistoni kubwa likiwa mara nne ya dogo, nguvu yako itazidishwa mara nne, nayo pistoni kubwa itasogea sentimita 1 kila ile ndogo ikisogea 4. Kisha lijaribu kabla ya kulisifu. Weka mzigo, tia alama, ungoje dakika tano. Mzigo ukishuka, kuna mahali panavuja. Pistoni ikibonyea kama sponji, kuna hewa ndani, maana hewa hubanika lakini maji ni kama hayabaniki kabisa.

Ndiyo sababu fundi wa jua kali akimaliza kurekebisha breki humwambia mwenzake akanyage pedali, yeye akifungua kinati kule gurudumuni mafuta yatoke na mapovu yake, akifunge kabla pedali haijaachiliwa. Atarudia mpaka mapovu yaishe. Mapovu yakibaki, pedali inaweza kuzama hadi chini na gari likakosa kusimama. Hapo ndipo abiria 14 huenda wakapoteza maisha kwa sababu ya hewa isiyojaza hata kikombe.

Pascal hakuiona mashine yake ikifanya kazi viwandani. Kitabu chenyewe kilichapishwa mwaka wa 1663, yeye akiwa kaburini. Ilipita zaidi ya miaka 130 ndipo Joseph Bramah wa Uingereza akapata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu za maji, mwaka wa 1795. Breki za mafuta ziliingia katika magari miaka ya 1920.

Mwaka wake wa mwisho, 1662, Pascal alisaidia kuanzisha magari ya farasi mjini Paris, yaliyofuata njia maalum kwa nauli moja. Naam, ni kama babu wa matatu! Alifariki tarehe 19 Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 39. Mwaka wa 1971 jina lake lilifanywa kipimo cha presha duniani kote.

Wenzangu, Pascal hakuamini neno kwa kuwa limesemwa na mkubwa. Alilipima kwanza, akalipima tena. Tukiingia maabara, au gereji siku za usoni, tumfuate. Kazi isiyojaribiwa haijaisha, na mwenye kuilipia ni abiria. Hapo nakunja jamvi. Kwaherini.