Solomon Linda: Mwenye wimbo wa simba aliyekufa maskini

Msikilizaji, huenda umewahi kuusikia wimbo wa Kiingereza kuhusu simba aliyelala msituni. Wengi hudhani ni wa Wamarekani. Mwenyewe alikuwa Mzulu aliyekulia machungani, Solomon Linda.

Linda alizaliwa mwaka 1909 huko Natal, Afrika Kusini, na utotoni alichunga ng'ombe. Alipokuwa kijana alikwenda Johannesburg kutafuta kazi, akaongoza kikundi cha waimbaji kilichoitwa Evening Birds. Mwaka 1939 walirekodi wimbo wa Mbube, yaani simba, katika studio ya kampuni ya Gallo. Wenzake walirudia maneno machache kwa sauti nzito, naye akapanda juu yao kwa sauti nyembamba. Wimbo ulipendwa hata mtindo huo wa uimbaji ukaitwa mbube. Lakini Linda alikwishaachia haki zake kwa malipo madogo ya mara moja.

Santuri yake ilifika Marekani. Mwanamuziki Pete Seeger aliisikiliza, akayanukuu maneno ya Kizulu kama sikio lake lilivyoyapokea. Ndiyo maana kundi lake, The Weavers, liliuita Wimoweh, jina lisilo na maana katika Kizulu. Mwaka 1960 Miriam Makeba aliurudisha katika Kizulu chake. Mwaka 1961 vijana wa The Tokens waliuimba kwa maneno mapya ya Kiingereza, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka 1994 uliingia katika filamu ya The Lion King, ambayo shujaa wake anaitwa Simba, neno letu la Kiswahili.

Linda hakuishi hadi kuiona filamu hiyo. Alifariki Oktoba 1962, akiacha mjane na watoto katika umaskini, huku wimbo ukiingiza fedha ng'ambo.

Kilichowasaidia mabinti zake ni sheria ya zamani ya Waingereza ya mwaka 1911. Sheria hiyo ilisema haki za kazi ya sanaa aliyoiuza mtunzi hurudi kwa warithi wake miaka 25 baada ya kifo chake. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, na mwaka 2006 pande zote zikapatana. Warithi walilipwa, na Solomon Linda akatambuliwa kuwa mmoja wa watunzi, miaka 44 baada ya kuzikwa.