Mervyn Cowie, mwana wa Nairobi aliyewafungulia watalii lango la mbuga

Wasomaji wa gazeti la East African Standard walishtuka mwishoni mwa miaka ya 1930 walipokutana na barua ya ajabu. Mwandishi wake, aliyejificha nyuma ya lakabu ya Mlowezi Mkongwe, alipendekeza wanyamapori wote wa Kenya wauawe, asibaki hata mmoja, kwa kuwa hawakuwa na nafasi tena katika nchi ya mashamba na mifugo. Barua hiyo ilizua ghadhabu. Watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wametazama swala na pundamilia wakipungua bila kusema neno, sasa walishika kalamu kumlaani mlowezi huyo katili na kuitaka serikali ya kikoloni ichukue hatua.

Hawakujua kwamba wamenaswa. Barua ilikuwa imeandikwa na Mervyn Cowie, kijana aliyewapenda wanyama hao kuliko wengi wa waliokuwa wakimlaani. Alikuwa amechoka kubisha milango ya maofisa kwa upole bila kusikilizwa, akaamua kuwachokoza wananchi ili wao wenyewe wapige kelele. Hila hiyo ilifaulu. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza suala la hifadhi, na kazi ya kamati hiyo ndiyo iliyozaa mbuga ambazo leo zinatembelewa na watalii kutoka pembe zote za dunia.

Cowie alizaliwa jijini Nairobi mwaka wa 1909, miaka kumi tu baada ya reli kufika hapo na mji kuanza. Kwa mtoto wa wakati huo, simba hakuwa mnyama wa kuhadithiwa. Tambarare za Athi zilianzia pale nyumba za mji zilipoishia, na makundi ya nyumbu, kongoni na pundamilia yalionekana hata kutoka madirisha ya gari la moshi. Akiwa bado mvulana alipelekwa Uingereza kusoma, akakaa huko miaka tisa na kuhitimu kuwa mhasibu. Aliporejea mwaka wa 1932 alipigwa na butwaa. Mashamba yalikuwa yamepanuka, mifugo imeongezeka, na wanyama aliowaacha wakiwa maelfu walikuwa wamepungua mno.

Si kwamba hapakuwa na sheria. Eneo la kusini mwa Nairobi lilikuwa sehemu ya Hifadhi ya Kusini, na uwindaji ulikatazwa humo. Lakini karibu kila jambo jingine liliruhusiwa. Mifugo ililishwa, takataka zilitupwa, na hata ndege za kivita za Uingereza zilifanyia humo mazoezi ya kudondosha mabomu. Ilikuwa hifadhi kwa jina tu.

Hapa ndipo uhasibu ulipomfaa Cowie kuliko bunduki. Wahifadhi wengi wa kizazi chake walikuwa wawindaji waliotubu, na hoja yao ilikuwa ya huruma. Yeye aliona kwamba huruma peke yake haitoshi kuilinda ardhi ambayo kila mtu anaimezea mate. Mnyama angesalimika iwapo tu angekuwa na faida akiwa hai, na faida hiyo ingeletwa na mtu anayekuja kumtazama, akalipa, akarudi kwao na kuwasimulia wengine. Kwa hiyo hakutaka tu eneo lililofungwa. Alitaka mahali penye lango, barabara, askari wa wanyama na utaratibu wa kumpeleka mgeni hadi alipolala simba na kumrudisha salama.

Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha mambo. Sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mwaka wa 1945, usimamizi ukakabidhiwa bodi ya wadhamini, na Cowie akateuliwa kuwa mtendaji wake mkuu. Mnamo Desemba 1946, Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilifunguliwa rasmi, ikiwa ya kwanza nchini Kenya. Ilikuwa ndogo, kilomita 117 za mraba tu, lakini ilikuwa na sifa ambayo ni vigumu kuipata kwingineko: mtu aliweza kutoka ofisini katikati ya mji na, kabla ya chai yake ya alasiri kupoa, akawa anatazamana na simba.

Leo utalii wa aina hiyo unaonekana jambo la kawaida, hata mtu husahau kwamba ulihitaji kubuniwa. Kabla ya hapo, neno safari kwa Mzungu aliyekuja Afrika Mashariki lilimaanisha msafara wa bunduki, wapagazi na mahema, na mwisho wake ulikuwa pembe na ngozi za kutundika ukutani. Mtindo wa mbugani ulibadilisha kila kitu. Mgeni hakushuka garini. Kanuni hiyo haikuwa ya kumlinda yeye peke yake. Mnyama aliyezoea magari huyachukulia kama kitu kisichomhusu, kisichofukuza wala kukimbia, na simba anaweza kupita karibu na gurudumu bila hata kuinua kichwa. Umbo la binadamu aliyesimama chini ni habari nyingine kabisa. Huyo simba humjua, na ama atakimbia au atafanya jambo baya zaidi. Kwa kuwaweka watu ndani ya magari, mbuga iliwapa wageni nafasi ya kuwaona wanyama kwa ukaribu ambao wawindaji wengi wa zamani hawakuujua.

Kazi ya mwelekezi nayo ikazaliwa. Wageni wanaofika saa nne asubuhi hulalamika kwamba mbuga haina kitu, kumbe wameikosa ile saa ya alfajiri ambapo simba bado anatembea na fisi anarudi shimoni. Dereva mzoefu hatafuti simba kwa kumtazama simba. Huwatazama swala wametulia wakiangalia upande mmoja, au huona tai wakizunguka mahali pamoja angani, kisha huiongoza gari polepole hadi pale. Ujuzi huo haukutoka Ulaya. Wengi wa waliousambaza walikuwa Waafrika walioajiriwa kama askari wa wanyama na madereva, watu waliokulia kando ya wanyama hao, ingawa picha za enzi hizo mara nyingi humwonyesha Mzungu mwenye kofia pana akiwa mbele na wao wakiwa nyuma.

Baada ya Nairobi, Cowie hakupumzika. Aprili 1948 ilianzishwa Tsavo, mbuga yenye zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, inayogawanywa mara mbili na reli ya Mombasa. Ilipatikana kwa urahisi kwa sababu isiyo ya kujivunia: ilikuwa nchi kame, yenye mbung'o, ambayo hakuna mlowezi aliyeitaka. Mlima Kenya ulifuata mwaka wa 1949 na milima ya Aberdare mwaka wa 1950. Wadhamini walikabidhiwa pia maeneo ya kihistoria, ukiwemo mji wa kale wa Waswahili wa Gede karibu na Malindi, ambao magofu yake ya misikiti na nyumba za mawe yalikuwa yamemezwa na msitu. Ndiyo maana kwa muda fulani ofisi moja ilisimamia vifaru wa Tsavo na mihirabu ya pwani kwa pamoja, jambo linaloweza kumchekesha mtumishi wa serikali wa leo.

Sifa zake zilivuka bahari. Mwaka wa 1951 kampuni ya filamu ya Ealing ya Uingereza ilitoa Where No Vultures Fly, iliyoongozwa na Harry Watt, ambayo mhusika wake mkuu, aliyeigizwa na Anthony Steel, alitokana na maisha ya Cowie. Ilionyeshwa mbele ya familia ya kifalme jijini London. Watazamaji wa Uingereza, waliokuwa wangali katika dhiki ya baada ya vita, waliona nchi ya jua na tembo, na wengi walianza kuota kuifikia. Hakuna tangazo la biashara ambalo lingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Hata hivyo, masimulizi ya aina hiyo huacha upande mmoja gizani. Ardhi iliyokuwa mbuga ya Nairobi haikuwa tupu. Wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakiitumia waliondolewa ili mgeni apate kutazama nyika inayoonekana kana kwamba haijawahi kukanyagwa na mtu. Kule Tsavo, Wawaata, mabingwa wa kuwinda tembo kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu, walijikuta wamegeuzwa wahalifu katika nchi ya babu zao. Kati ya 1956 na 1957 operesheni kali ilifanywa dhidi ya uwindaji haramu, na wanaume wengi wa jamii hiyo waliishia jela. Ni kweli biashara ya pembe ilikuwa imewaingiza wengi katika mauaji makubwa ya tembo, na wanunuzi waliotajirika kutokana nayo walikuwa wa pwani na ng'ambo. Lakini aliyeadhibiwa zaidi alikuwa mwenye upinde.

Hesabu ya Cowie, kwa hiyo, ilikuwa sahihi kwa nusu. Alijua nani atalipa kuwaona wanyama. Hakujali vya kutosha nani alikuwa anagharimia kuwaacha waishi: mchungaji aliyenyimwa malisho ya kiangazi, au mama ambaye shamba lake lilivurugwa na tembo usiku mmoja. Kosa hilo halikuwa lake peke yake, lilikuwa la utawala mzima uliomwajiri. Na dalili kwamba baadhi ya maofisa walianza kulitambua zilionekana kabla hajaondoka. Mwaka wa 1961 usimamizi wa Amboseli ulikabidhiwa baraza la wilaya ya Kajiado, na ule wa Maasai Mara ukapewa baraza la Narok, ili mapato ya watalii yaingie katika mifuko ya wenyeji. Kama fedha hizo zilimfikia mwananchi wa kawaida ni swali ambalo Wamaasai wa kaunti hizo mbili wameendelea kuliuliza tangu hapo.

Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, wengi walihofia kwamba serikali mpya ingezitazama mbuga kama mabaki ya mkoloni na kuzigawa. Haikufanya hivyo. Utalii ulikuwa tayari unaleta fedha za kigeni, na viongozi wapya waliielewa hesabu ile ile aliyoipiga yule mhasibu miaka thelathini nyuma. Mwaka wa 1966 Cowie alikabidhi uongozi kwa Perez Olindo, Mwafrika wa kwanza kuzisimamia mbuga za Kenya. Alikuwa amekaa katika wadhifa huo miaka 20. Baadaye alilifanyia kazi shirika la AMREF, lile la madaktari wanaotumia ndege kuwafikia wagonjwa wa vijijini, akirudi tena kwenye taaluma yake ya fedha. Vitabu vyake Fly, Vulture na I Walk with Lions vilikuwa vimechapishwa mapema katika miaka hiyo ya sitini.

Aliishi kuona mengi aliyoyapanda yakikua na mengine yakitishwa. Mwaka wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii, na safari ya kamera ikabaki peke yake. Miaka iliyofuata majangili waliwamaliza tembo na vifaru kwa kasi ya kutisha, hata Julai 1989 Rais Daniel arap Moi akaziteketeza tani 12 za pembe za ndovu. Mahali palipochaguliwa kwa moto huo palikuwa ndani ya Mbuga ya Nairobi.

Cowie aliaga dunia Uingereza mwaka wa 1996, akiwa na umri wa miaka 87. Mwaka huo huo waelekezi wa watalii nchini Kenya waliunda chama chao cha kitaaluma, kinachotahini wanachama na kuwapa viwango vya shaba, fedha na dhahabu. Kijana wa Kitui au Narok anayeweza kumtofautisha ndege mmoja na mwingine kwa mlio wake tu, na kueleza kwa nini twiga hunywa maji kwa woga, sasa hupewa cheti kwa ujuzi ambao zamani ulilipwa mshahara wa mtumishi.

Mbuga yenyewe ya Nairobi ingali na ukubwa ule ule kwenye karatasi, lakini mji umeizingira pande tatu. Upande wa kusini tu, ng'ambo ya mto Mbagathi, ndio usio na ua, na huko ndiko nyumbu na pundamilia huelekea mvua inyeshapo. Kuanzia mwaka wa 2000, baadhi ya wenye mashamba wa Kitengela walianza kulipwa dola nne kwa kila ekari kwa mwaka ili wasijenge ua wala kuuza ardhi, malipo ambayo wadhamini wa 1946 hawakuyawazia. Machi 2016, simba dume aliyejulikana kwa jina la Mohawk alitoka mbugani, akafika Isinya, akazungukwa na umati, akapigwa risasi na kufa. Miaka mitatu baadaye garimoshi la abiria lilianza kupita juu ya mbuga, kwenye daraja la takriban kilomita sita, kuelekea Naivasha. Abiria wanaokaa upande wa dirisha huona twiga wakipita kati ya nguzo, kama watoto wa Nairobi ya 1909 walivyowaona wanyama kutoka garimoshi la wakati wao, na chini yao, kwenye barabara za murramu ambazo makutano yake yana nambari, magari ya watalii husimama kuwatazama wale wale.