Pestalozzi: Aliyetaka mtoto aione namba kabla ya kuitaja

MWANZONI mwa mwaka 1774, katika shamba moja la kaskazini mwa Uswisi, mkulima aliyekuwa akielekea kufilisika alikuwa akimfundisha mwanawe kuhesabu. Mtoto huyo, ambaye hakuwa amefikisha umri wa miaka minne, alizitaja namba kwa mfuatano wake, na baba akaridhika. Ridhaa hiyo haikudumu. Alipomchunguza kwa makini, alitambua kwamba mwanawe alikuwa amejifunza majina matupu. Katika shajara yake alijilaumu kwa pupa, akaona kwamba haikufaa mtoto apelekwe kwenye tatu kabla ya mbili kumkaa barabara.

Mkulima huyo alikuwa Johann Heinrich Pestalozzi, ambaye baadaye Ulaya nzima ilimjua kama mwalimu. Alizaliwa mjini Zurich Januari 12, 1746. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alifariki dunia yeye akiwa na umri wa miaka mitano, akaiacha familia katika dhiki. Ujanani alivutiwa mno na maandishi ya Rousseau, akaacha masomo, akashika jembe. Hata mwanawe akampa jina la mwanafalsafa huyo. Shamba lake, Neuhof, karibu na kijiji cha Birr, halikumlipa. Akakusanya hapo watoto wa maskini wasokote pamba huku wakisoma, kwa matumaini kwamba kazi ya mikono yao ingegharimia elimu yao. Mwaka 1780 mradi huo nao ulifungwa, na mali ya mkewe, Anna, ilikuwa imeteketea humo. Riwaya aliyoitoa mwaka 1781 ilimpa sifa, na mwaka 1792 Ufaransa ikamtunuku uraia wa heshima, lakini darasa hakuwa nalo.

Darasa lilimjia kwa njia ya msiba. Septemba 1798 majeshi ya Ufaransa yalizima kwa umwagaji mkubwa wa damu uasi wa wananchi wa Nidwalden, yakaacha nyuma yatima wengi. Desemba mwaka huo, Pestalozzi, akikaribia miaka 53, alipelekwa na serikali katika mji wa Stans kuwalea. Alikabidhiwa sehemu ya nyumba ya watawa, akawa na mtumishi mmoja wa nyumbani. Haukupita muda mrefu, watoto wakafikia takriban 80, wengi wao wakiwa na upele na chawa. Hakuwa na vitabu wala mwalimu msaidizi.

Ni uhaba huo uliomlazimisha kugundua jambo ambalo mwalimu mwenye nafasi nzuri zaidi huenda asingelihitaji. Alimketisha mtoto aliyekwisha kuelewa katikati ya wawili ambao hawajaelewa, akamwachia awafundishe. Akaona kwamba wadogo walimwelewa mwenzao, na yule aliyefundisha naye akazidi kuelewa. Kwa bahati mbaya hayo yalidumu miezi michache tu. Juni 1799 jeshi lililihitaji jengo hilo kuwa hospitali, na mwalimu akaondoka akiwa hoi, akitema damu.

Mwaka huohuo alipata nafasi katika mji wa Burgdorf, kwenye shule iliyoendeshwa na fundi viatu. Wazazi walimkataa, hawakupenda watoto wao wawe wa kufanyiwa majaribio. Akahamishiwa kwenye darasa la watoto wadogo zaidi, na Machi 1800 wakaguzi wa shule wakamsifu. Huko, na baadaye katika kasri la mji huo ambako alifungua taasisi yake, hesabu zilianzia mkononi. Mtoto alishika kokoto, akashika maharage, akayatenga na kuyaunganisha, mpaka akajionea mwenyewe kwamba mbili mara tatu ni sita. Tarakimu zilikuja baadaye, kama alama ya jambo ambalo tayari analijua. Kitabu chake cha mwaka 1801, kilichobeba jina la mama Gertrude, kiliueleza utaratibu huo. Alipokwenda Paris mwaka 1802 akiwa mjumbe wa nchi yake, Napoleon hakuwa na muda wa mambo ya alfabeti.

Hapa pana dosari ambayo wanaomsifu hupenda kuiruka. Pestalozzi alitengeneza jedwali la visanduku 100: safu ya kwanza kila kisanduku kina mstari mmoja, ya pili miwili, hadi kumi. Lilikusudiwa kumsaidia mtoto aone. Lakini katika mikono ya walimu wengi likawa wimbo: darasa zima likiitikia kwa pamoja ni moja ngapi zimo ndani ya ngapi. Mtu aliyepigana na majina matupu alikuwa amezalisha mengine.

Penye mwalimu mwenye subira, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Taasisi ilihamia Yverdon mwaka 1805, ikapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi. Mwaka 1814 alifika kijana wa miaka 18, Jakob Steiner, mtoto wa mkulima, ambaye alijifunza kuandika akiwa na miaka 14. Pestalozzi hakumdai ada. Steiner alizoea kutoridhika na uthibitisho uliotolewa darasani, akitafuta wake wenye mizizi zaidi, na walimu wakawa mara nyingi wanauchukua wa mwanafunzi na kuuacha wao. Baada ya mwaka mmoja na nusu akapewa kufundisha. Baadaye alikuwa profesa Berlin, miongoni mwa wanajiometri wakubwa wa karne ya 19, na mwenyewe aliandika kwamba njia hiyo ilitoka Yverdon.

Ng'ambo ya bahari, Warren Colburn alichapisha Boston mwaka 1821 kitabu cha hesabu kilichofuata mpango wa Pestalozzi, kikimwanzia mtoto kwa maswali badala ya kanuni. Kilienea sana Marekani.

Nyumbani, mzee alikuwa anazama. Ukaguzi wa serikali wa mwaka 1809 haukumpendelea; Padri Girard, aliyeuongoza, aliona hesabu zimepewa nafasi kupita kiasi. Wasaidizi wake wawili wakuu, Niederer na Joseph Schmid, mwalimu wa hesabu, waligombana hadi mahakamani, naye hakuwa na uwezo wa kuwaamua. Anna alifariki dunia mwaka 1815. Taasisi ilifungwa mwaka 1825, akarudi Neuhof, kwenye shamba lilelile lililomfilisi.

Alifariki dunia mjini Brugg Februari 17, 1827, akiwa na miaka 81, akazikwa Birr, kando ya shule ya kijiji.