François Coty: Tajiri wa Marashi Aliyeiacha Kaunta Yake

Ukipita Mji wa Kale, Mombasa, pua hukwambia duka la udi liko wapi kabla hujaona kibao. Wauzaji wetu waijua siri hii tangu jadi: mteja mpake kwanza mkononi, bei itafuata. Leo nawaletea maisha ya mtu aliyeijua siri hiyo barabara, akatajirika kwayo, kisha utajiri ukamponyoka.

Alizaliwa mjini Ajaccio, kisiwa cha Corsica, tarehe 3 Mei 1874, akaitwa Joseph Marie François Spoturno. Akawa yatima angali mtoto, akalelewa na bibi zake. Alipohamia Paris alichukua jina la ukoo wa mama yake, Coti, akaligeuza kidogo likawa Coty. Rafiki yake mfamasia ndiye aliyemfungulia mlango wa manukato. Hakujitia kujua; alikwenda Grasse, mji wa mafundi wa marashi kusini mwa Ufaransa, akajifunza kazi katika kiwanda cha Chiris.

Mwaka 1904 akatoa La Rose Jacqueminot. Yasimuliwa kwamba duka moja kubwa la Paris lilimkatalia, chupa ikavunjika sakafuni, wanawake wakamiminika kuulizia harufu ile, na meneja akabadili nia papo hapo. Wako wasemao aliivunja kusudi. Iwe iwavyo, alishafahamu kwamba marashi yaliyofungiwa kabatini hayajiuzi.

Kwenye uendeshaji wa duka, Coty alikuwa mwalimu. Alimtafuta sonara René Lalique amtengenezee chupa za kuvutia, kwa kuwa aliamini jicho hununua kabla ya pua. Akatoa chupa ndogo, ili mke wa karani naye apate, si mke wa tajiri peke yake. Harufu moja aliitia katika marashi, poda na sabuni. Mteja akija kwa kimoja, huondoka na vitatu. Chypre, aliyoitoa mwaka 1917 kwa jina la kisiwa cha Saiprasi, mpaka leo jina lake ndilo linaloita aina nzima ya manukato. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Marekani walirudi kwao na chupa zake, na soko la huko likafunguka. Akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Ufaransa.

Hapo ndipo alipoondoka kaunta. Mwaka 1922 alilinunua gazeti la Le Figaro, na mwaka 1928 akaanzisha L'Ami du Peuple, lililouzwa kwa bei ya kutupa. Magazeti yakageuka jukwaa la siasa zake kali na chuki dhidi ya Mayahudi. Mwaka 1933 akaanzisha na kugharimia kundi la kifashisti, Solidarité Française. Wakati huo huo talaka ya mwaka 1929 ilimdai fedha nyingi mno, na uchumi wa dunia ukaanguka. Wasomaji wa Le Figaro wakamkimbia, na gazeti likamtoka mkononi. Alifariki Louveciennes, karibu na Paris, tarehe 25 Julai 1934, akiwa na miaka 60, utajiri wake mwingi umekwisha.

Nimemleta Coty kwa sababu namwona hapa kwetu. Dukani huingia Mswahili, Mgiriama, Mhindi na Mkamba, Muislamu na Mkristo, na pesa ya kila mmoja huwekwa droo moja. Kisha uchaguzi ukikaribia, mwenye duka huyo huyo humchangia mwanasiasa anayewatukana nusu ya wateja wake.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la Coty lilikuwa safi. Kilichomharibia ni kutumia fedha alizopewa na watu wa kila namna kuwachukia baadhi yao. Tuchunge kaunta zetu, na tuchunge nyoyo zetu zaidi.