Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga (1932 – 1972) alikuwa mchoraji wa Tanzania aliyeanzisha mtindo wa uchoraji unaojulikana kwa jina lake.

Maisha

Alizaliwa wilayani Tunduru, kusini mwa nchi. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, alikoishi Msasani na kufanya vibarua mbalimbali.

Uchoraji

Alianza kuchora mnamo mwaka 1968 bila kusomea sanaa. Alitumia vipande vya hadibodi, aina inayowekwa darini, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Kwanza alipaka usuli wa rangi moja au mbili, kisha akachora juu yake mnyama au ndege mmoja. Kwa kuwa usuli ulikuwa mtupu, mnyama alionekana wazi hata kwa mbali. Picha ziliuzwa Oysterbay, penye maduka ya Morogoro Stores, hasa kwa wageni. Aliwafundisha jamaa zake, akiwemo Simon Mpata.

Kifo na urithi

Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa takriban miaka minne tu.

Wanafunzi wake waliendeleza kazi hiyo, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika. Wengi wao waliujaza usuli kwa miti, vijiji na Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2010 ilianza kuonyeshwa katuni ya watoto Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi, ambayo wanyama na mandhari yake vilifuata mtindo huo.